RANGI JUU YA KUTU NI KAZI BURE

(Maneno ya kundi la wapaka rangi wa karakana, yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu. Yamepigwa chapa hapa kwa kuwa wanachama wengi waliyaomba.)



Kamati ya tawi imetuomba tuseme habari ya rangi na kutu katika vyombo vya shamba. Wengine walicheka walipoliona jambo hili katika orodha ya mkutano, wakauliza: tangu lini chama cha wafanyi kazi kikafundisha watu kupaka rangi plau? Jibu letu ni hili. Karibu kila mmoja aliye hapa ana kipande cha shamba nyumbani, na huko yuko mke, au mama, au ndugu anayelima. Mshahara ukichelewa, shamba ndilo linalolisha watoto. Na siku ya kustaafu wengi wetu tutakwenda kusimama nyuma ya plau ileile ambayo leo imelala nje ya nyumba ikinyeshewa. Basi chombo cha shamba ni akiba yetu, na kutu ni mwizi anayeila akiba hiyo mchana na usiku, wala hapigi kelele.

Tena tuna aibu yetu ya kuwasimulia, maana hatukuja hapa kama watu wasiokosea.

Sisi watu 8 tulichanga fedha tukanunua vyombo vikuukuu katika shamba moja upande wa Njoro: plau moja ya ng'ombe, haro moja ya sahani, na trela dogo la kukokotwa na trekta. Tulipatana viwekwe kwa mwenzetu mwenye shamba karibu na Muhoroni, na kila mmoja wetu apate zamu yake. Vyote vilikuwa vimeshika kutu. Lakini sisi si wapaka rangi? Tulifika Jumamosi moja tukiwa na makopo ya rangi ya mafuta ya kijani, tukafuta vumbi kwa magunia, tukapaka mkono mmoja mzito, na kufika jioni vyombo vilikuwa vinang'aa kama vimetoka dukani. Majirani walikuja kutazama. Tulirudi kazini tukijisifu.

Mvua ya masika ilipokwisha, rangi ile ilikuwa imebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba siku moja trela lilibeba magunia ya mahindi, na vijana watatu wamekaa juu yake. Katika kupanda mlima mkono wa kukokotea ulikatika pale ulipochomelewa kwenye fremu. Trela lilirudi nyuma likaingia mtaroni, na kijana mmoja, mtoto wa mwenzetu, akavunjika mguu. Tulipoitazama ile sehemu iliyokatika tuliona ufa wa zamani, na ndani yake kutu nyeusi. Ufa ule ulikuwapo siku tulipopaka. Sisi wenyewe ndio tuliouziba kwa rangi tusiuone.

Shuleni kwa wamisheni tulifundishwa habari ya makaburi yaliyopakwa chokaa, nje meupe na ndani mifupa. Tulijua maneno yake kwa moyo, lakini hatukujua kuwa siku moja tutalitengeneza kaburi kama hilo kwa mikono yetu. Kijana amepona, anatembea, ila anachechemea kidogo. Kwa ajili yake tulianza kazi ile upya, tukiuliza mafundi na kusoma maandishi ya makopo ambayo zamani tulikuwa tukiyatupa. Haya tunayosema leo ndiyo tuliyojifunza.

JAMBO LA KWANZA: GONGA KABLA YA KUNUNUA RANGI

Mkaguzi wa mabehewa hapaki rangi gurudumu asilolichunguza. Fanyeni vivyo hivyo nyumbani. Chukua nyundo ndogo, gonga chuma chote polepole, na sikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, kama debe bovu, na pengine nyundo huingia ndani. Tazama hasa pale palipochomelewa, penye matundu ya bolti, na penye kona ambapo udongo na maji hukaa. Ukiona ufa, au chuma kimebaki chembamba mahali panapobeba uzito, usiende dukani kununua rangi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea kwanza. Rangi hulinda chuma kilichopo, haiwezi kurudisha kilichokwisha liwa.

JAMBO LA PILI: KUSAFISHA NDIYO KAZI YENYEWE

Kutu ni nini? Chuma hutoka ardhini kikiwa mawe na udongo mwekundu, na watu hukiyeyusha kwa moto mkali mpaka kiwe chuma. Kikipata maji na hewa hutaka kurudi kuwa udongo tena. Ndiyo kutu. Na chumvi huharakisha sana jambo hili, kama wajuavyo ndugu zetu wa Mombasa, ambao bati lao hutoboka upesi kuliko la Nakuru.

Sasa, kutu iliyolegea ina matundu madogo madogo kama mkate, na ndani yake hukaa maji na chumvi. Ukipaka rangi juu yake, rangi itashika kutu vizuri sana, lakini kutu yenyewe haikushika chuma. Kwa hiyo vyote viwili huanguka pamoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa rangi yetu ya kijani.

Kazi ina utaratibu wake. Kwanza osha matope na grisi kwa maji na sabuni, kisha acha chombo kikauke. Msianze na brashi ya waya juu ya grisi, maana mtaisambaza grisi chuma kizima, na rangi haishiki mafuta. Kwa sababu hiyohiyo msifute kwa mafuta ya taa mkaacha hivyo, kwa kuwa hubakiza unto. Ikiwa grisi ni nyingi, ifuteni kwa tapentaini ya madini na kitambaa safi, mkibadili kitambaa mara kwa mara. Baada ya hapo gongeni magamba ya kutu yaanguke, mkwangue, mpige brashi ya waya, kisha msasa. Rangi ya zamani ambayo bado imeshika sana si lazima itoke yote, ila kingo zake zisuguliwe kwa msasa mpaka kidole kikipita kisisikie ngazi. Mkitaka kujua kama imeshika, bandikeni utepe wa gundi, mkaubandue kwa nguvu. Ukija na rangi, rangi hiyo iondoke.

Sisi watu wa reli tuna mfano mmoja mkubwa wa neno hili. Huko Uskoti liko daraja la reli la Forth, lililofunguliwa mwaka 1890. Kwa miaka mingi watu walisema kwamba kulipaka rangi hakuishi, ukifika mwisho huna budi kuanza tena mwanzo. Basi tangu mwaka 2002 walianza kuiondoa rangi yote ya zamani kwa kupiga chuma kwa chembe ngumu zinazosukumwa na upepo wa mashine, mpaka chuma kikaonekana kitupu, ndipo wakapaka rangi ya namna mpya, mikono mitatu. Kazi ilimalizika mwaka 2011, na mafundi walitazamia idumu miaka 25 au zaidi. Rangi ile ilikuwa nzuri, kweli. Lakini ingepakwa juu ya magamba ya zamani, ingeanguka pamoja nayo.

JAMBO LA TATU: KUCHAGUA PRAIMA

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Mtu huingia dukani akasema, nipe praima nyekundu, kana kwamba wekundu ndio dawa. Ndugu, rangi ya kopo si dawa. Ule wekundu wa redi oksaidi ni unga wa chuma kilichokwisha kuwa oksidi, nao ni jamaa wa kutu yenyewe. Hauwezi kuipiga kutu. Kazi yake ni kama blanketi, kuzuia maji yasifike upesi. Kopo moja la praima nyekundu laweza kuwa limetiwa dawa ya kuzuia kutu, na jingine la bei rahisi halina kitu. Someni maandishi ya kopo.

Chagueni kwa kufuata kile kilichobaki juu ya chuma baada ya kusafisha, tena kwa kufuata aina ya chuma.

Ikiwa mmesafisha kwa mkono, kwa brashi na msasa, na kumebaki alama za kutu iliyoshikana ambayo haitoki, tafuteni praima ya mafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma na yenye fosfeti ya zinki. Hii ndiyo inayofaa wengi wetu, maana si wengi walio na mashine ya kupigia mchanga. Praima hiyo huvumilia kidogo kazi ya mkono, na hukubaliana na rangi ya mafuta itakayofuata.

Ikiwa mna bahati ya kupata chuma kilichopigwa kwa mashine mpaka kikawa kitupu, hapo praima ya epoksi ya makopo mawili ni nzuri sana. Changanyeni kwa kipimo kilichoandikwa, wala msikisie kwa macho, tena mchanganye kiasi mtakachokimaliza, kwa kuwa hugandia ndani ya kopo. Praima yenye unga mwingi wa zinki nayo ni ya chuma kitupu tu. Zinki hulinda chuma kwa kujitoa yenyewe iliwe kwanza, na ili ifanye hivyo ni lazima iguse chuma. Ukiipaka juu ya kutu haigusi kitu, umetupa fedha.

Iko pia dawa ya maji ya kugeuza kutu. Nyingine ina asidi ya fosfori, nyingine ina tanini ile iliyo katika magome ya kutengenezea ngozi. Hugeuza kutu nyembamba ikawa ngozi ngumu, mara nyingi nyeusi. Inasaidia kwenye vishimo ambako brashi haifiki. Lakini haiwezi kupenya magamba mazito, na nyingine hutaka kuoshwa kabla ya kupaka rangi, nyingine hazitaki. Fuateni kopo. Na vaeni glavu na miwani, maana asidi haijui mwenye kazi wala mgeni.

Ikiwa chombo ni cha bati lililopakwa zinki, kama birika la kunyweshea ng'ombe au bati la ghala, msilipake rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta ya rangi yakikutana na zinki hugeuka kama sabuni pole pole, na baada ya miezi rangi yote hubanduka vipande vipande. Takeni praima inayosema wazi kwamba ni ya mabati.

Sasa tuseme habari ya risasi nyekundu, ile rangi ya machungwa ambayo wazee wetu waliipaka madaraja, mabehewa na meli. Wazee waliisifu, na hawakusema uongo. Iliyochanganywa na mafuta ya mbegu za kitani ilizuia kutu kweli, hata juu ya chuma kisichosafika sana. Lakini ni sumu. Vilevile ile praima ya manjano ya kromati ya zinki. Nayo ilizuia kutu, na vumbi lake huleta saratani. Ukiletewa kopo la namna hizi mbili na mtu asemaye amelihifadhi tangu zamani, mwambie ahsante, abaki nalo. Siku hizi viwango vya nchi yetu haviruhusu risasi katika rangi kupita sehemu 90 katika milioni. Fosfeti ya zinki yatosha kazi yetu.

JAMBO LA NNE: RANGI YA JUU NA NAMNA YA KUIPAKA

Rangi ya juu ikubaliane na praima kama watu wa nyumba moja. Juu ya praima ya mafuta paka rangi ya mafuta. Ukipiga juu yake ile rangi ya magari ya kukauka upesi, thina yake kali itaikunja rangi ya chini kama ngozi ya mzee. Njia salama ni kununua praima na rangi za mtengenezaji mmoja, zilizoandikwa kwamba zinafuatana. Kama chombo kina rangi ya zamani usiyoijua, loweka kitambaa katika thina ya rangi mpya, kiweke juu ya sehemu ndogo kwa dakika kadhaa. Ikivimba au kujikunja, usiendelee mpaka umeitoa. Na wale watakaotumia epoksi wasiiache bila rangi ya juu, maana jua huigeuza unga.

Msichanganye rangi na petroli. Tunajua wengi hufanya hivyo kwa kuwa petroli ni rahisi kupatikana. Petroli huharibu rangi, na mvuke wake hutafuta moto hata ulio mbali. Tumieni tapentaini au thina iliyoandikwa kopo, tena kidogo. Korogeni rangi mpaka chini, kwa sababu dawa yote hulala chini ya kopo. Asiyekoroga hupaka mafuta matupu siku ya kwanza, na uji siku ya mwisho.

Pakeni kwanza kwa brashi penye kingo, vichwa vya bolti na mistari ya kuchomelea, maana rangi hukimbia kwenye kingo na kubaki nyembamba. Halafu pakeni chuma chote. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Mkono mzito hukauka juu na kubaki laini ndani, kisha hujikunja.

Saa nazo zina maneno. Msipake asubuhi chuma kikiwa na umande, hata kama macho hayauoni. Gusa kwa kiganja. Msipake chuma kilichochomwa na jua la adhuhuri mpaka mkono haukai. Msipake mvua ikinuka. Sisi tulianza kama saa nne asubuhi umande umekwisha, tukaweka brashi chini saa tisa alasiri, ili rangi ishike kabla ya umande wa jioni. Kati ya mkono na mkono ngojeni muda ulioandikwa kopo. Na praima isiachwe wiki nyingi bila rangi ya juu, maana praima pekee hunywa maji.

Tena pimeni kabla ya kununua. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, zaidi au pungufu kwa kadiri chuma kilivyo laini. Trela letu lina sakafu ya mita 3 kwa mita 1.80. Juu na chini ni mita za mraba 10.80. Mbao zake za chuma za pembeni, mbele na nyuma, ndani na nje, zina kimo cha nusu mita, nazo zote pamoja ni mita za mraba 9.60. Fremu tuliikisia mita 4. Jumla ni kama 24 na nusu. Basi mkono mmoja wa praima ni lita 2 na nusu, nasi tulinunua 3 kwa kuwa chuma cha kutu hunywa. Mikono miwili ya rangi ya juu ni lita 5. Asiyepima hurudi dukani mara tatu, au hubaki na kopo linalokauka chini ya kitanda.

JAMBO LA TANO: MAHALI PASIPOPAKWA

Ule uso wa plau unaokata na kugeuza udongo usipakwe rangi. Udongo utaikwangua katika mistari ya kwanza, na mpaka itoke udongo utanata na ng'ombe watachoka bure. Uso huo ung'arishwe, na kila mnapomaliza kulima mwuoshe, mwukaushe na kuupaka grisi. Hali kadhalika sahani za haro. Msipake meno ya bolti, wala vinywa vya kutilia grisi, wala fito inayong'aa ya mitambo ya mafuta ya trekta. Zifungeni kwa karatasi na utepe kabla ya kuanza. Na plau isilazwe udongoni. Iwekwe juu ya mawe au mbao, chini ya paa, hata kama ni paa la makuti. Paa hilo ni rahisi kuliko kopo la rangi.

SASA HABARI YA MIILI YETU

Ndugu wanachama, tumeacha jambo hili liwe la mwisho ili lisisahauliwe.

Tulipoisafisha ile haro mara ya pili, chini ya rangi ya kijani tulikuta rangi nyingine, na chini kabisa rangi ya machungwa. Mzee aliyekuwa kiongozi wa kundi letu ndiye aliyeikwangua, siku nne, kavu, bila kitu puani. Hakuona ajabu, kwa sababu katika maisha yake ya kazi alikuwa amekwangua chuma hivyo hivyo miaka mingi. Baada ya wiki chache alishikwa na tumbo la kusokota, akafunga choo, kichwa kikamwuma, na mkono wake wa kulia ukakosa nguvu hata kushika brashi. Tulidhani ni uzee. Hospitalini damu yake ilipopimwa ilikutwa na risasi. Si ya siku zile nne peke yake. Ilikuwa ya miaka yote, na siku zile nne zilijaza kibaba.

Basi shikeni sheria hizi. Rangi ya zamani usiyoijua, ihesabu kuwa ina risasi. Ilowanishe kwa maji kabla ya kukwangua au kupiga msasa, ili vumbi lisipae. Usiichome kwa moto, maana moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, si leso. Tandika turubai chini, kusanya magamba yote, uyafunge, kuku na watoto wasiyachezee. Osha mikono na uso kabla ya kula na kabla ya kuvuta sigara. Na ovaroli usirudi nayo nyumbani ukambeba mtoto, kwa kuwa risasi humdhuru mtoto kuliko mtu mzima, humpunguzia akili isirudi tena. Matambara yenye mafuta ya kitani nayo msiyarundike. Yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Yatandazeni nje yakauke, au yatieni ndani ya maji.

Msidhani haya ni maneno mapya. Mwaka 1921 huko Geneva, Shirika la Kazi la Ulimwengu lilipitisha mkataba wa kukataza risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Mkataba huo ulisema wapaka rangi wapewe mahali pa kunawa, na pale iwezekanapo vumbi la kukwangua kavu lizuiwe. Lakini uliacha mlango mmoja wazi: wenye mamlaka waliweza kuruhusu risasi kwenye stesheni za reli na viwandani wakiona ni lazima, baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na vya wafanyi kazi. Kwa hiyo, ndugu zangu wa reli, tulitajwa kabisa. Na hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyi kazi vifaa vya kujikinga. Kifaa hicho si zawadi ya bwana mkubwa, wala si kitu cha kukatwa katika mshahara.

Kwa hiyo kundi letu linaleta maombi matatu mbele ya mkutano huu. La kwanza, Katibu apeleke kwa wakubwa wa kazi barua ya kutaka maji, sabuni na barakoa za kweli kwa kila mtu akwanguaye rangi ya zamani, na damu za wapaka rangi zipimwe kila mwaka. La pili, tawi linunue brashi za waya, vikwangulio, nyundo mbili ndogo na turubai moja, vikae ofisini, na mwanachama akienda likizo aazime, aandike jina, arudishe. La tatu, mwanachama yeyote mwenye trela au mkokoteni unaobeba watu atuite kabla hajaupaka rangi. Tutakuja Jumamosi na nyundo zetu, bila malipo, ila chai.

Trela letu sasa limechomelewa mkono mpya, limepakwa praima na mikono miwili ya rangi, na limepita masika mbili. Tunakwenda kuligonga kila mara tunapopata likizo. Mzee wetu hawezi tena kupaka, lakini husimama kando akisikiliza sauti ya nyundo, na akisema hapo si pazuri, tunasimama.